Tilapia gani?

Ukiingia soko la Kenya (ile komini yetu ya Lubumbashi, si ile nchi) saa ya asubuhi, upande wa wamama wa samaki, fanya jaribio moja dogo. Uliza: "Mama, hii ni samaki gani?" Atajibu: "Ni tilapia, papa." Uliza tena: "Tilapia gani?" Hapo atakuangalia kama mutu anaangalia mutoto wa maswali mingi. "Tilapia, papa! Njo samaki, basi."

Tulipokuwa tunatayarisha makala hii tuliuliza hivyo mara nyingi, na jibu lilikuwa karibu lilelile. Tulicheka. Kisha tukafungua vitabu, tukakuta mama wa soko ana haki. Jina "tilapia" maana yake ni "samaki", hakuna zaidi.

Liliandikwa mara ya kwanza mwaka 1840 na Andrew Smith, daktari Mskoti aliyekuwa akikusanya habari za wanyama wa kusini mwa Afrika. Alipata samaki mdogo wa mito ya huko, akamwita Tilapia sparrmanii. Neno la pili ni heshima kwa Anders Sparrman, Mswidi aliyetembea nchi zile mbele yake. Neno la kwanza alilitoa kwa Watswana: kwa lugha yao, samaki ni tlhapi. Smith alilivika nguo ya Kilatini tu, likawa tilapia. Walozi wa magharibi mwa Zambia, ndugu wa lugha ile, wanasema tapi. Wabemba wa kwetu wanasema isabi. Na sisi wa Kiswahili? "Samaki" tuliikopa kwa Waarabu. Angalia mambo yalivyogeuka: neno tunalodhani ni letu lilitoka ng'ambo ya bahari, na lile lililoandikwa juu ya katoni ya barafu, tunalodhani ni la Wazungu, ni la Kibantu.

Haya yangekuwa mazungumzo ya kufurahisha tu mbele ya sahani ya bukari, kama koperative zetu hazingekuwa zinatoa makuta juu ya jina hilo.

Miaka michache nyuma tulisaidia koperative moja ya upande wa barabara ya Kasenga kuchimba viziwa viwili vya samaki. Alevini, ndio wale watoto wa samaki wa kupanda, walinunuliwa mahali pawili, kwa sababu muuzaji wa kwanza hakuwa na wa kutosha. Karatasi zote mbili za malipo ziliandikwa neno moja: tilapia. Na karatasi ya mafundisho, ile tuliyowagawia sisi wenyewe, ilisema kwamba tilapia anakula majani; mpe majani ya muhogo, matembele na nyasi laini. Wanamemba wakafanya kama tulivyoandika.

Kiziwa cha kwanza kilikwenda vizuri. Majani yaliyotupwa jioni yaliisha usiku, asubuhi ilibaki vijiti tu. Kiziwa cha pili, majani yalilala juu ya maji siku mbili, tatu, yakazama, yakaoza. Wanamemba wakafikiri samaki wanakataa sombe, wakaongeza matembele. Asubuhi moja wakakuta samaki wote wako juu, midomo wazi, wanatafuta hewa, na wengi wamekwisha kugeuka tumbo. Majani yanapooza yanakula ile hewa iliyo ndani ya maji, na saa ya alfajiri ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu usiku kucha ile mimea midogo ya ndani ya maji haitoi hewa mpya.

Watu wakasema ni uchawi, wengine wakasema ni ugonjwa. Haikuwa uchawi wala ugonjwa. Kiziwa cha kwanza kilikuwa na samaki mmoja, cha pili kilikuwa na mwingine kabisa, na wote wawili walifika na jina moja. Karatasi yetu ilisema kweli juu ya mmoja, ikasema uongo juu ya mwingine. Tuliiondoa. Makala hii ni sehemu ya deni lile.

Mvuvi wa Luapula hangefanya kosa hilo. Kule Kasenga, Kilwa na Pweto, watu wanaosema Kibemba wana majina yao, na majina hayo yanatenganisha. Kuna "pale", samaki mpana, kichwa chake kinavuta rangi ya kijani. (Tunaliweka ndani ya alama hizi ili msomaji asifikiri tunasema "pale sokoni".) Kuna mpende, mwenye kifua chekundu. Kuna matuku, mdogo, mwenye mistari myeusi ya kushuka, ambaye ndiye yule Tilapia sparrmanii wa Smith. Anaishi hata kwenye mito yetu ya Katanga, na watoto wanamvua kwa ndoano. Mvuvi hasemi "nimepata tilapia". Anasema nimepata mpende, au nimepata "pale", na mtu aliyebaki nyumbani anajua kabisa ni samaki gani anakuja. Neno tilapia linaanza kutawala pale samaki anapofika mjini.

Mpende ndiye mla majani. Ana meno ya nguvu, anakata mimea kama mbuzi. Wataalamu leo wanamwita Coptodon rendalli. Katika vitabu vya zamani utamkuta kama Tilapia melanopleura. "Pale" ni Oreochromis macrochir, na yule wa Ziwa Mweru ni ndugu yake wa karibu anayeitwa Oreochromis mweruensis. Macrochir maana yake ni "mkono mrefu", kwa sababu ya pezi lake refu la ubavuni. Yeye hakati majani. Anakula vitu vidogovidogo vinavyoelea, mimea isiyoonekana kwa macho inayofanya maji kuwa ya kijani, na matope laini ya chini. Wa tatu ni yule anayenunuliwa zaidi siku hizi kwa ufugaji, Oreochromis niloticus, samaki wa Nile. Si mgeni wa Kongo yote, kwa maana anaishi kwa asili upande wa Kivu na Ruzizi, lakini kwa Lufira na Luapula ni mgeni. Naye anapenda maji ya kijani, na anapokea vizuri pumba ya mahindi na chakula cha kutengenezwa. Majani mazima ya muhogo hayamsaidii kitu. Huyo ndiye aliyekuwa kwenye kiziwa cha pili.

Sasa yale mafundisho ya majani tuliyatoa wapi? Hatukuyaota. Yalitoka hapahapa karibu na Lubumbashi, kwenye kituo cha Kipopo.

Wasomaji wazee watakumbuka jina hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, mji ungali unaitwa Élisabethville, Wabelgiji walianza kufuga samaki Kipopo kwa kujaribu samaki wa kwetu, kwa sababu walikuwa wanatafuta kitoweo kwa wafanyakazi wa migodi na watu wa vijiji. Mwaka 1949 wataalamu wa Wabelgiji na Waingereza walikutana Élisabethville kuzungumza juu ya kazi hiyo. Samaki waliowachagua walikuwa wawili, na mpango wao ulikuwa wa akili: tia mpende na "pale" ndani ya kiziwa kimoja. Mpende anakula majani ya muhogo unayomtupia. Mavi yake yanakuwa mbolea, maji yanageuka ya kijani, na "pale" anakula ile kijani. Chakula kimoja, midomo miwili. Kutoka kazi hiyo, ufugaji ulienea Kongo nzima. Mpaka wakati wa uhuru, nchi ilikuwa na viziwa zaidi ya 100,000, na "pale" wa Katanga alikuwa amesafirishwa mpaka nchi za mbali, hata Madagaska.

Viziwa vingi viliachwa baada ya 1960. Vita na kuondoka kwa mafundi vilichangia, lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo mkulima yeyote wa samaki anaijua: samaki hawa wanazaa upesi mno. Kiziwa kinajaa batoto, chakula hakitoshi, wote wanabaki saa ya kidole. Hilo tutalirudia.

Basi karatasi za zamani za Kipopo zilisema "tilapia anakula majani", na kwa siku zile ilikuwa kweli, kwa sababu mmoja wa tilapia wao alikuwa mpende. Maneno yakabaki. Samaki akabadilika. Sisi tukayanakili bila kuuliza ni tilapia gani.

Wenzetu wa Ziwa Viktoria nao yamewapata. Kwa Wajaluo, "ngege" lilikuwa jina la samaki mmoja wa ziwa lao, Oreochromis esculentus, aliyesifiwa sana kwa utamu. Nyavu za kisasa zilimpunguza, kisha miaka ya 1950 samaki wa Nile akaletwa ziwani, akashika nafasi. Leo ukikaa hoteli ya Kisumu au Kampala ukaagiza ngege, mara nyingi utaletewa yule mgeni, akiwa na jina la marehemu. Ng'ambo ya Tanzania, watu wa Mwanza wanamwita sato, na sehemu nyingine za nchi hiyo utasikia perege. Kwa hiyo, mwanamemba akikuta mafundisho ya Kiswahili ya Tanzania yanayosema sato au perege, ajue yanazungumzia ukoo huu huu, na mara nyingi huyu wa Nile.

Hata wataalamu walichoka na jina hili. Kwa miaka mingi karibu kila samaki wa ukoo huo aliitwa Tilapia. Mama mmoja wa makumbusho ya London, Ethelwynn Trewavas, alitumia miaka kuwapanga upya, na kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1983. Aliangalia jambo ambalo mvuvi naye anaangalia: wanalea watoto namna gani? Wale ambao mama anabeba mayai ndani ya kinywa mpaka watoto waweze kuogelea, hao ni Oreochromis. Wale wanaotaga chini, mume na mke wakalinda, walibaki Tilapia, mpaka baadaye mpende na ndugu zake wakapewa jina lao, Coptodon. (Oreochromis maana yake inagusa mlima; wa kwanza kupewa jina hilo alitoka Ziwa Chala, chini ya Kilimanjaro.) Matokeo yake ni ya kuchekesha: kati ya samaki wote wanne tuliowataja kwa viziwa na mito yetu, anayeitwa Tilapia kwa haki ya kitabu ni matuku peke yake, yule mdogo ambaye hakuna mutu anayetaka kumfuga.

Hatusemi watu waache neno tilapia. Mama wa soko anajua kazi yake. Mteja anayetaka samaki wa kukaanga kwa bukari ya jioni anataka kujua mambo matatu: ni mubichi ao ni wa barafu, ni mukubwa namna gani, na ni bei gani. Kwa hayo, "tilapia" inatosha. Inamwambia kwamba si thomson wala kambale, kwamba ana magamba, miiba mikubwa inayoonekana na nyama nyeupe. Zambia, wale wanaopitisha samaki Kasumbalesa watakuambia "brimu", na mnaelewana tu. Jina la sokoni linafanya kazi ya sokoni. Tatizo linaanza pale jina la sokoni linapoingia kwenye karatasi ya kununua alevini.

Mtu atauliza: nitawajua namna gani, na alevini ni wadogo kama ukucha? Ni kweli, kwa wadogo ni vigumu. Karibu wote wana lile doa jeusi kwenye pezi la mgongo, na doa hilo halikuambii kitu. Kwa hiyo usiangalie alevini peke yao. Omba uonyeshwe wazazi. Muuzaji mwenye kazi safi ana kiziwa cha wazazi na hatakataa. Samaki wa Nile mkubwa ana mistari myembamba ya kusimama kwenye mkia, imejipanga toka mwanzo mpaka mwisho kama kitambaa cha kushona. "Pale" hana mistari hiyo. Mpende ana kifua chekundu ao cha waridi, na mkia wake mara nyingi ni wa rangi mbili: juu una madoa, chini ni wa manjano au mwekundu. Ukibaki na mashaka, fungua shavu, pale ambapo wamama wanaangalia kama samaki ni mubichi. Kwenye upinde wa kwanza wa mashavu, upande wa ndani, kuna vijino. Mpende ana vichache na vifupi kwa upande wa chini, havifiki 15. Wale wawili wengine wana vingi, vimebanana kama kichujio, maana ndivyo wanavyochuja maji ya kijani. Hilo ni la kufanya kwa samaki aliyekufa tayari, tafadhali.

Na uulize jambo lingine ambalo jina halisemi: ni dume tupu ao mchanganyiko? Samaki wa Nile anaweza kuanza kuzaa kabla ya kufikisha miezi sita, na ndiyo sababu wafugaji wengi wananunua alevini waliogeuzwa kuwa madume kwa chakula maalumu cha wiki za kwanza. Wanauzwa bei zaidi. Kama umelipa bei ya madume, halafu miezi mitano baadaye unaona batoto wamejaa kando ya kiziwa, umeibiwa, na karatasi iliyoandikwa "tilapia" tu haitakusaidia kudai chochote. Koperative ile ya barabara ya Kasenga ilijaribu kudai. Muuzaji akajibu kwa upole kabisa kwamba aliuza tilapia, na karatasi inasema tilapia. Alikuwa na haki kama yule mama wa soko.

Kuna wanamemba wanatuuliza kama tunawasukuma kwa samaki wa Nile. Hapana. Anakua upesi, hilo ni kweli, na makampuni ya ufugaji ya Zambia na China yanamtegemea yeye. Lakini anataka maji ya joto na chakula cha kununua. Usiku wa mwezi wa 6 na wa 7, huku juu kwenye baridi ya Lubumbashi, atapunguza kula na hatakua. Pumba unayotupa wakati huo ni makuta ndani ya matope. Koperative ambayo haina pesa ya chakula, lakini ina mashamba ya muhogo na matembele, inaweza kufanya vizuri zaidi na mpende, ao na ule mpango wa zamani wa mpende na "pale". Ni hesabu ya kila koperative.

Tunaomba jambo moja kwa nguvu: usimwachilie samaki wa Nile mtoni. Kule Kafue, Zambia, alitoroka kutoka viziwa vya wafugaji miaka ya 1980, akachanganyika na samaki wa asili, "pale" akiwa mmoja wao, na leo kuna maeneo ambapo watoto ni wa mchanganyiko. "Pale" wa Lufira na Luapula ndiye mbegu ya kwetu. Kama kiziwa chako kiko karibu na mto, weka chujio la waya kwenye mdomo wa kutolea maji, na uliangalie kila baada ya mvua kubwa.

Toka sasa, koperative zote tunazofanya nazo kazi zitapata kitabu kipya cha karatasi za malipo. Kwenye mstari wa alevini kuna nafasi nne: jina la sokoni, jina la pili (mpende, "pale" ao wa Nile), dume tupu ao mchanganyiko, na jina la mahali wazazi wanapofugwa. Muuzaji aandike mwenyewe na atie sahihi. Akikataa kujaza nafasi ya pili, msilipe. Ongeeni kwanza na mwangalizi wenu.

Nafasi ya jina la pili tumeiacha pana, kwa sababu tunajua majina tuliyoandika hapa ni ya Kibemba tu. Wanamemba wa upande wa Lufira, wa Kambove, wa Mitwaba na wa Sakania, mnaita namna gani huyu mwenye kifua chekundu? Leteni majina kwenye mkutano wa mwezi wa 8, na kama inawezekana, leteni na samaki mwenyewe. Alevini wataanza kununuliwa mwezi wa 9, maji yakipata joto.